Je, Msitu Uliofunga Majani Umekwisha Kurudisha Kaboni Yake?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba msitu wa kitropiki ukivunwa kwa kuchagua miti mikubwa michache tu, baada ya miaka mitano au sita mapengo yake huwa yamejifunga kwa majani mabichi. Je, hapo kaboni iliyopotea inakuwa imekwisha kurudi?

JIBU: Ndugu msomaji, inakuwa bado, tena kwa mbali. Kaboni, ambayo ni karibu nusu ya uzito wa mti uliokauka, hukaa zaidi katika mashina manene kuliko katika majani. Miti inayowahi kuziba pengo ni ile ipendayo jua, ambayo hurefuka upesi lakini mbao zake ni nyepesi, kwa hiyo pengo linaweza kufunikwa ilhali ghala lake lingali tupu.

Tazama linalotokea mti mmoja unapoangushwa. Mimea itambaayo, iliyofunga matawi ya mti mmoja na mwingine kama kamba, huvuta majirani wawili watatu waanguke pamoja nao. Tingatinga linalofuata gogo hulaza miche na kushindilia udongo. Na gogo likishaondoka, kisiki, mizizi na matawi hubaki palepale vikioza. Mara nyingi hasara hii ya pembeni huzidi kaboni iliyomo katika gogo lenyewe, nayo haiishi kwa msimu mmoja. Vipimo vilivyofanywa katika jimbo la Sabah, upande wa Malaysia wa kisiwa cha Borneo, na kuchapishwa mwaka 2023, vilionyesha kwamba misitu iliyovunwa iliendelea kutoa kaboni nyingi kuliko iliyoingiza kwa angalau miaka 10, ingawa miti iliyosalia ilikuwa ikikua kwa kasi.

Miti hiyo iliyosalia ndiyo tegemeo la miaka ya mwanzo. Katika vitalu vya utafiti vya Amazoni, wapimaji huzungusha utepe kwenye shina, palepale kwenye alama ya rangi iliyopakwa mita 1.3 hivi kutoka ardhini, kisha baada ya mwaka mmoja au zaidi huurudia mti uleule na kusoma milimita chache ulizonenepa. Kutokana na vipimo vya namna hiyo, utafiti wa mwaka 2015 ulikadiria kwamba msitu uliopoteza asilimia 10 ya kaboni ya miti yake huirudisha kwa miaka 12, uliopoteza asilimia 25 kwa miaka 43, na uliopoteza nusu kwa miaka 75. Kwa maoni yangu, hizi ndizo takwimu ambazo kila mtoa kibali cha uvunaji angepaswa kuwa nazo mezani, kwa kuwa nchini Brazil, kwa mfano, kanuni za uvunaji wa mashine huweka mzunguko wa miaka 25 hadi 35. Isitoshe, kaboni inaweza kurejea kupitia miti ya aina nyingine kabisa, huku ile ya mbao ngumu iliyovunwa ikiwa bado michanga.

Hasara hupungua sana iwapo mimea itambaayo itakatwa mapema, mti ukaelekezwa pa kuangukia, na njia za kuburuzia magogo zikapangwa kabla ya mashine kuingia. Hata msitu uliokwisha kuumia husaidika: huko Sabah, mahali palipoachwa pajiponye penyewe palirudisha hadi tani 2.9 za kaboni kwa hekta kwa mwaka, na palipopandwa miche na kuondolewa mimea itambaayo palifikia tani 4.4.