Ukienda Catania kipindi cha baridi, usiipangie Etna siku

Tangu nirudi naulizwa swali lilelile, ulifuata nini Sicily, kisiwa cha Italia, mwezi wa pili wakati bahari ya baridi na mahoteli ya ufukweni yamefungwa. Mi nakaa Hamburg, Ujerumani, na kazini kwetu likizo za Januari na Februari zinapatikana kirahisi kwa sababu wenye watoto hawazitaki, alafu tiketi ya ndege niliyokata haikufika hata nusu ya ile niliyokuwa naangalia ya Agosti. Nimeshaenda mara mbili sasa, mara ya kwanza Januari, mara ya pili mwanzo wa Februari, na zote nimeenda mji mmoja, Catania, ulioko miguuni mwa mlima Etna, volkano iliyo hai. Safari ya kwanza nilipanga vibaya na nikapoteza pesa na siku, ya pili ilikuwa nzuri mpaka leo naiwaza. Tofauti ya hizo mbili ndo naandika hapa.

Kwa wale wasiosoma mpaka mwisho naanza na kubwa lenyewe: usichague siku ya kupanda mlima ukiwa nyumbani kwako wiki tatu kabla. Mi nilifanya hivo. Nililipia safari ya siku moja na mwongozaji, siku ya nne ya likizo, pesa hairudishwi. Siku ya tatu mlima ulikuwa wazi toka asubuhi mpaka jua linazama, mweupe wote kwa theluji na moshi umelala kwa upande pale kileleni, na mi nilikuwa ndani ya makumbusho. Siku ya nne mawingu yalishuka mpaka chini kwenye vijiji, upepo ukasimamisha yale magari yanayopanda kwa waya, tukazungushwa kwenye ukungu masaa matatu tukarudishwa. Niliumia sana, siwezi kuficha.

Sababu yenyewe ni rahisi ukifikiria. Etna una zaidi ya mita 3,300 na bahari iko pale pale chini, kwahiyo wakati wa baridi hewa yenye unyevu inatoka baharini inapanda ubavuni inageuka mawingu, na upepo wa juu hauna uhusiano wowote na ule unaousikia mjini. Unaweza kunywa kahawa nje juani, nyuzi 14 au 15, na kule juu watu hawasimami kwa upepo. Sasa safari ya pili nilikaa siku saba na sikulipia chochote cha mlima. Kila asubuhi kwenye saa moja nilikuwa natoka natembea mpaka Via Etnea, ndo barabara kuu ya mji, imenyooka kutoka kanisa kuu kuelekea mlimani, ukisimama katikati unauona Etna mwisho wa barabara kama umewekwa pale makusudi. Mlima ukiwa umejifunika mawingu unarudi kulala. Siku ya tatu ukafunguka, nikakimbilia stesheni ya treni, basi la kwenda juu nililolipata mi linaondoka pale mbele saa mbili na robo asubuhi na kurudi ni jioni, ni moja tu kwahiyo ukilikosa siku imekwisha. Ratiba hizo hubadilika, uliza jioni ya kabla yake.

Basi linakufikisha Rifugio Sapienza, kituo cha wapanda mlima, karibu mita 1,900. Ukiishia hapo hapo bado umepata kitu, maana pembeni kuna vilima vya Silvestri, matundu yaliyoachwa na mlipuko wa 1892, unazunguka ukingo kwa miguu bila kulipa mwongozaji, na mchanga mweusi unatokeza kwenye theluji kama kitambaa kimechanika. Kutoka hapo magari ya waya yanakupeleka mpaka mita 2,500. Zaidi ya hapo tafadhali nenda na mwongozaji mwenye kibali, na mipaka ya wapi panaruhusiwa inabadilishwa kulingana na mlima unavofanya wiki hiyo. Niliona vijana wawili wanafuata nyayo za watu wengine kwenye theluji kwenda juu peke yao, na roho ilinidunda kwa sababu theluji inaziba mashimo na nyufa za lava, nyayo hazikwambii chochote. Na nguo: ile sweta uliyovaa mjini haitoshi, chukua koti la upepo, glovu, viatu vya soli nene, miwani ya jua. Nilikuwa na raba za kutembelea mjini mara ya kwanza, vidole vilikufa ganzi.

Mi nimekulia Arusha. Mlima Meru tumeuona kila siku tukienda shule na mara yake ya mwisho kutoa moto ni 1910, kwahiyo volkano kwangu ilikuwa kitu cha kwenye kitabu cha jiografia. Pale Catania sio hivo. Wenyeji hawausemi hata kwa jina, wanasema 'a Muntagna, Mlima, na wanauongelea kama mwanamke, "leo ametulia", "jana usiku alikuwa anaongea". Mwaka 2021 kuanzia Februari ulirusha moto na majivu zaidi ya mara 50 mpaka vuli. Majivu yenyewe sio ya jikoni, ni kama mchanga mweusi wenye makali, yakidondoka mjini unasikia yanavogonga kioo cha dirisha kama mvua ndogo, barabara zinateleza na mameya hupiga marufuku pikipiki kwa muda.

Ndo maana uwanja wa ndege uwekee akili. Fontanarossa uko karibu sana na mji, basi la Alibus linakufikisha stesheni muda mfupi tu, lakini majivu yakiwa hewani ndege zinapunguzwa au uwanja unafungwa kabisa, nyingine zinapelekwa viwanja vingine vya Sicily, Palermo au Comiso. Safari yangu ya kwanza ilimalizikia hivo, ndege ya kurudi ikafutwa, nililala usiku mmoja zaidi na kazini nikachelewa siku nzima. Shirika nililosafiri nalo lilinipa chumba baada ya kulalamika sana, wenzangu wengi hawakujua kwamba kwa sheria za Ulaya ndege ikifutwa unaposafiri kutoka nchi ya Umoja wa Ulaya shirika lina wajibu wa kukulisha na kukulaza hata kama kosa ni la volkano, fidia ya pesa ndo hupati. Kwahiyo usipange kurudi Jumapili usiku na Jumatatu asubuhi uko kazini. Acha siku moja katikati. Na kama unataka kujua hali, taasisi ya jiofizikia ya Italia, INGV, ina ofisi pale pale Catania wanautazama mlima masaa 24, wanatoa taarifa kwa marubani kwa rangi, kijani, njano, chungwa, nyekundu. Nilikuwa naangalia rangi kila jioni kabla ya kulala.

Sasa nyumba. Hili hakuna aliyeniambia. Unatoka Ujerumani unadhani Sicily hakuna baridi, na mchana kweli hakuna, lakini usiku inashuka mpaka nyuzi 5 au 6 na nyumba za mji wa zamani zimejengwa kupambana na joto, dari iko juu sana, sakafu ya vigae, kuta za mawe, ndani kunakuwa na baridi kuliko nje. Nilikopanga mara ya kwanza kulikuwa na hita moja ndogo ya umeme, nikiiwasha pamoja na birika umeme unakatika, nikaja kuelewa nyumba nyingi Italia zina mkataba wa kilowati 3 tu, ukizidisha inazima. Nililala na koti siku mbili. Kwahiyo kabla ya kulipa muulize mwenye nyumba, kwa maandishi, kama kuna riscaldamento, yaani mfumo wa kupasha nyumba joto, na iko kwenye kila chumba au sebuleni tu, na soma maoni ya watu waliolala Januari, usisome ya Julai. Usitegemee nguo kukauka ndani pia.

Ukishamaliza hayo matatu, mlima, ndege na nyumba, mji wenyewe wakati huo ni wako. Hakuna foleni popote. Niliingia theatre ya Kirumi ya Via Vittorio Emanuele tukiwa watu wanne, maji yamejaa kwenye jukwaa chini kwa sababu mto Amenano unapita chini ya ardhi pale, nimekaa kwenye ngazi za lava nusu saa nzima nasikiliza maji. Mto huohuo unatokeza kidogo kwenye chemchemi nyeupe pembeni ya uwanja wa kanisa kuu, alafu unapotea tena.

Mji ni mweusi. Hicho ndo kinachokupiga kwanza. Kuta, ngazi, barabara, vyote vya jiwe la lava, na mvua ikinyesha vinang'aa. Hata tembo wao, u Liotru wanavomuita, alama ya mji, amechongwa kwa lava, na msanifu majengo Vaccarini ndo alimpandisha juu ya chemchemi miaka ya 1730 na kitu wakati mji unajengwa upya. Unajengwa upya kwa sababu tarehe 11 Januari 1693 tetemeko liliuangusha karibu wote, na miaka 24 tu kabla ya hapo, 1669, lava ilikuwa imeshuka kutoka karibu na Nicolosi ikaingia upande wa magharibi wa mji mpaka baharini. Kama utaenda sehemu moja tu nenda Castello Ursino. Ni ngome ya mfalme Frederick II ya karne ya 13, ilijengwa ukingoni mwa bahari, na leo ukisimama mlangoni huioni bahari, kuna mitaa na nyumba, kwa sababu lava ya 1669 ilijaza handaki lake ikaizunguka ikasukuma pwani mbele. Ngome ikabaki imesimama. Niliizunguka mara mbili nikijaribu kuelewa nilikuwa nakanyaga iliyokuwa bahari. Wasafiri wengi wanaipita haraka kwa sababu kwa nje ni jengo la mraba lisilo na mapambo, wanakosea.

Kula ni asubuhi. Soko la samaki, la Pescheria, liko nyuma ya chemchemi, ukichelewa mpaka mchana wanaanza kufunga na Jumapili hakuna. Kelele zake nilijisikia Kariakoo, wanaita bei kwa sauti za kuimba, pweza, ngisi, dagaa, yule samaki mwenye upanga amesimamishwa kichwa juu. Na wakati wa baridi ndo msimu wa machungwa yao mekundu ndani, Moro na Tarocco, ule wekundu unatokana na mchana wa jua na usiku wa baridi wa pale Etna, kwahiyo ukienda Agosti hupati. Nilinunua kilo mbili nikala zote chumbani. Kwenye vibanda vya mitaani agiza seltz limone e sale, maji ya gesi, limau na chumvi, tumbo linatulia. Maduka mengi yanafunga kuanzia saa saba mchana mpaka saa kumi hivi, usishangae mji umelala, na chakula cha usiku kabla ya saa mbili ni shida kupata.

Waislamu wenzangu, arancino ya ragù, lile donge la wali lenye ncha na mchuzi wa nyama ndani, mara nyingi ina nguruwe, chukua ya biringanya. Cannoli nazo, vile vitafunwa vya mrija vyenye jibini tamu, unga wake hukandwa na mafuta ya nguruwe na divai sehemu nyingi, ulizeni neno strutto, ndo hayo mafuta. Pasta alla Norma haina nyama, ni biringanya, nyanya na jibini, niliila karibu kila siku.

Taormina, mji wa watalii kule pwani, msiende kukaa kipindi hicho, hoteli nyingi zimefungwa na panasinyaa. Siracusa sawa, treni inachukua saa moja na kidogo, unaenda na kurudi.

Kama unaweza kuchagua tarehe, chagua Februari 3 mpaka 5, sikukuu ya Mtakatifu Agata, mlinzi wa mji. Vyumba vinapanda bei siku hizo tatu kwahiyo chukua mapema, hii ndo nafuu pekee ya baridi utakayoikosa. Mi sio Mkristo na nilisimama barabarani usiku kucha. Maelfu ya watu wamevaa kanzu nyeupe na kofia nyeusi wanavuta kwa kamba ndefu gari la fedha lenye sanamu yake, wanapaza sauti "Cittadini, viva Sant'Agata!", wengine wamebeba mishumaa mizito kama gogo begani kwa nadhiri waliyoweka, mzee mmoja pembeni yangu alikuwa analia na hakuna aliyemwangalia. Nta inamwagika barabarani kote, wanaweka unga wa mbao lakini bado inateleza vibaya, nimeona watu wakianguka, vaa viatu vyenye kushika na usivae unavyovipenda.

Asubuhi ya tarehe 6 nilitoka saa moja kama kawaida yangu. Gari la mtakatifu lilikuwa halijarudi kanisani bado, magari ya manispaa yanakwangua nta, waliovaa nyeupe wanatembea bila sauti wamekauka koo, na kule mwisho wa Via Etnea mlima ulikuwa wazi, theluji imeshuka mpaka nusu.

Basi la saa mbili na robo nilikuwa nalipata. Sikwenda, nilibaki pale barabarani na wao.