Vitu vimejaa ndani, nitoe au niache?

SWALI: Shikamoo Mama Mchungaji. Mi ni mama wa watoto watatu, nakaa Morogoro. Kwaresima hii kanisani tumeambiwa tupunguze vitu tuwape wengine, sasa nimefungua kabati na stoo nimechoka, sare za harusi za watu, masufuria, vyombo vya wageni ambavyo hao wageni hawajawahi kulia, nguo za watoto tangu wachanga, alafu kuna boksi zima la khanga za marehemu mama. Kila nikishika kitu moyo unasema acha, utakuja kukihitaji. Mume wangu anasema Biblia haijakataza mali, mbona Ibrahimu alikuwa tajiri. Hivi hili ni jambo la kiroho kweli au ni usafi tu wa nyumba? Na hizo khanga nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Baba watoto hajakosea, Mwanzo 13 inasema Ibrahimu alikuwa na mifugo na fedha na dhahabu, ila asome na mbele kidogo, wachunga mifugo wake na wa Lutu, mtoto wa ndugu yake, walipogombana, yeye ndo mkubwa lakini akamwambia Lutu achague nchi kwanza. Alikuwa nayo mali na bado aliweza kuiachia.

Kuhusu usafi wa nyumba, hapana, ni zaidi ya hapo. Makutano walipomuuliza Yohana Mbatizaji tufanye nini, hakuwaambia wakeshe kwenye maombi, alianzia kwenye nguo, "Mwenye kanzu mbili na ampe asiye na kanzu" (Luka 3:11). Na askofu Basili wa Kaisaria, huko ambako leo ni Uturuki, karne ya 4, alipohubiri ule mfano wa Yesu wa tajiri aliyetaka kujenga maghala makubwa zaidi aliwaambia watu waziwazi kwamba nguo uliyoifungia sandukuni ni ya yule asiye na nguo, na viatu vinavyoozea kwako ni vya anayetembea peku. Yani kwake hiyo haikuwa hisani, ni kumrudishia mtu chake. Mi neno hilo linanichoma kila nikilikumbuka.

Sasa hiyo sauti ya utakuja kukihitaji, hapo ndo penye kazi yako ya Kwaresima. Kufunga chakula tumezoea, lakini Isaya 58 inaweka saumu pamoja na kumvika aliye uchi, kwa hiyo ukishika sufuria la tatu na moyo ukakataa, omba hapo hapo, mwambie Mungu naogopa kupungukiwa, alafu litoe. Na utoe zima jamani, usimpe mtu kilichochanika ukaita sadaka. Wala usipige picha ukaweka statasi, anayepokea ana heshima yake. Vyombo vya wageni vitoe kabatini mvitumie wenyewe na wanao, vikizidi ndo ugawe.

Khanga za mama usizitoe kwa haraka, pole sana. Soma Matendo 9, Dorkasi alipofariki wajane walisimama wanalia wakionyesha nguo alizowashonea, kumbukumbu yake ilikuwa mikononi mwa watu. Baki na mbili tatu zenye harufu na habari zake, zingine wape mama wadogo na wajukuu na yule jirani aliyemuuguza, kila mmoja mwambie hii ni ya mama. Ukilia, lia tu.

Sare nazo, ukiletewa nyingine unaweza kutoa mchango wa harusi bila kununua kitenge, wengine watanuna ila sherehe haitakwama, maana ukitoa leo na kesho ukajaza tena hujaachia kitu.

Vya baba watoto usiguse mpaka akubali mwenyewe. Anza na nguo za wachanga wiki hii, zifue, zipige pasi, alafu ongea na muuguzi wa wodi ya wazazi hapo karibu akwambie kuna mama gani amejifungua hana hata nepi.