Boi mwenye wajukuu

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu babu yangu alikuwa mpishi katika nyumba ya meneja wa shamba la mkonge karibu na Muheza, enzi za Mwingereza. Alikuwa na wake wawili na wajukuu, lakini mpaka anaacha kazi aliitwa "boi", yaani mvulana, hata na watoto wa meneja. Je, lilikuwa tusi tu la watu wasio na adabu, au neno hilo lilikuwa na kazi nyingine?
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Ndugu msomaji, lingekuwa tusi tu, lingetoka katika vinywa vya wenye hasira peke yao, lakini hili lilitamkwa hata na mabibi wapole walipokuwa wakiagiza chai. Kazi yake ilikuwa kubwa zaidi. Katika jamii zetu nyingi uanaume ni jambo la kufikiwa: mtu hupita jando, akaoa, akawa na nyumba yake, na kuanzia hapo hakuna anayeweza kumrudisha utotoni. Utawala wa kikoloni uliiondoa ngazi hiyo, ukaweka rangi mahali pake, hata kijana wa Kizungu wa miaka 20 akawa "bwana" na babu yako akabaki mtoto asiyekua.

Jambo hili lilikuwa limekwisha kuandikwa katika sheria kabla ya Mwingereza kufika huko kwenu. Mwaka 1896 serikali ya Ujerumani ilitoa agizo kuhusu adhabu ya viboko katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, na viboko visivyozidi 25 kwa mara moja ndivyo wananchi walivyoviita "hamsa ishirini". Agizo hilo liliwaondoa wanawake, likawaondoa pia Waarabu na Wahindi. Ukitoa hao wote, mgongo unaobaki ni wa mwanamume Mwafrika. Ni vigumu kupata mahali ambapo jinsia na rangi vimefungwa pamoja waziwazi kuliko hapo.

Hata hivyo, serikali hizo zilipohitaji mwanamume zilimwona mara moja. Nchini Kenya, sheria ya kipande ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimhesabu Mwafrika kuwa mwanamume tangu umri wa miaka 16, akaandikwa, akachukuliwa alama za vidole na kuning'inizwa shingoni kikopo cha bati chenye karatasi zake. Kwa kipande na kodi alikuwa mtu mzima akiwa na miaka 16. Kwa mshahara na heshima alikuwa boi akiwa na miaka 60.

Usidhani kwamba Mzungu mwenyewe alibaki nje ya mambo haya, kwa maana uanaume wake nao ulijengwa humo humo. Mwezi Machi 1907, Ewart Grogan, kiongozi wa chama cha walowezi, aliwachapa hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi wanaume Wakikuyu wavuta riksha, kwa madai kwamba waliwakosea adabu wanawake wa Kizungu. Mahakama ilikuwa hatua chache kutoka hapo, lakini kuiachia kesi kungemwonyesha kuwa mwanamume asiyeweza kuwalinda wanawake "wake". Alihukumiwa kifungo cha mwezi 1, na kosa alilopatikana nalo lilikuwa mkusanyiko usio halali.

SWALI: Je, wanaume wa Kiafrika walijibuje dharau hiyo?
*Msomaji, Thika*

JIBU: Ndugu msomaji, wengi walijibu kwa kudai uanaume wao, na kwa maoni yangu dai hilo lilikuwa la haki lakini lilikuwa na mtego, kwa sababu anayelalamika kwamba amefanywa mtoto au mwanamke amekwisha kukubali kwamba mwanamke yuko chini. Aliyeugeuza mtego huo alikuwa mwanamke. Harry Thuku, aliyekuwa akipinga kipande, kodi na kazi za shuruti zilizowagusa hata wanawake na wasichana, alikamatwa Machi 1922, na umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi cha Nairobi. Viongozi wa kiume walipotoka kuzungumza na serikali na kuwataka watu watawanyike, Mary Muthoni Nyanjiru alisimama, akapandisha nguo yake hadi mabegani, akawaambia wanaume wachukue gauni lake na wao wampe suruali zao. Kwa Wakikuyu, mwanamke mzima kujifunua namna hiyo ni laana nzito. Umati ulisonga mbele kuelekea kituoni, polisi wakafyatua risasi, na Nyanjiru akawa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21 waliouawa.