Ukiandika bei kwa Kiingereza hakikisha inajulikana ni ya kimoja au ya vyote

Mimi kazi yangu kubwa ni kuwaandikia watu koteshoni, invoisi na imeili za biashara kwa Kiingereza, na nikiangalia ni wapi pesa za watu zinapotea zaidi, sio kwenye gramatika ngumu wala spelling, ni kwenye vile vineno vidogo vya kusema bei ni ya kimoja, ni ya saa, ni ya kichwa au ni ya mzigo wote. Watu wanavidharau sana na mimi naomba msividharau.

Tuanze na "each" maana hapo ndo penye kesi nyingi. Sisi tukitaka kusema bei ya kila kimoja tunarudia namba tu, viti ni dola ishirini ishirini, au wape vitabu vitatu vitatu, na kila mtu anaelewa hapo hapo. Kiingereza hakina hiyo. Sasa mtu anafikiria ishirini ishirini kichwani halafu anaandika "5 chairs, 20 dollars" anatuma, na mteja anasoma kwamba viti vyote vitano ni dola ishirini, na kusema kweli hajakosea, ndicho kilichoandikwa. Nimeshaona mabishano ya hivi yakifika pabaya wakati dawa yake ni neno moja mwishoni, "20 dollars each". Hilo "each" linakaa baada ya bei, "the chairs cost 20 dollars each", usilipenyeze katikati ukaandika "the chairs cost each 20 dollars", utaeleweka lakini itasikika vibaya.

Na hapo hapo kuna "for" na "at", hivi viwili vitazame vizuri sana. "Five chairs for 100 dollars" ni jumla, unalipa mia unaondoka na vyote. "Five chairs at 20 dollars" ni bei ya kimoja, jumla bado hujapigiwa. Ile alama @ unayoiona kwenye imeili kazi yake ya zamani ilikuwa hii hii, wafanyabiashara waliiandika kwenye daftari za hesabu kumaanisha vitu kadhaa kwa bei fulani kila kimoja, zamani sana kabla mtaalamu wa kompyuta Ray Tomlinson hajaichagua mwaka 1971 kutenganisha jina la mtu na la kompyuta yake kwenye imeili. Kwa hiyo ukiona invoisi imeandikwa 12 @ 5 ujue unadaiwa 60, sio 5. Mimi nikiandika naweka vyote, "at 20 dollars each", halafu mstari wa chini naandika "total" na jumla yake, hata kama mtu anaona nimezidisha. Bora izidi.

Kuna pia "apiece", maana yake ni ile ile ya "each" na inakaa pale pale, ila iandike neno moja, ukiitenganisha ikawa "a piece" inaweza kusomeka kama kipande cha kitu. Na utasikia watu wanasema "200 dollars a pop", hiyo ni ya mtaani, mara nyingi anayesema hivyo anaona bei ni kubwa, au ni kitu ambacho kila ukikirudia unalipa tena. Ukiisikia ielewe, lakini kwenye koteshoni usiiweke kabisa.

Sasa "a" na "per". Kwetu unaweza kuanza na kipimo, kilo ni dola tatu, saa ni dola kumi, lakini Kiingereza kinapenda bei itangulie, "three dollars a kilo", "ten dollars an hour". Ni "an hour" sababu ile h haitamkwi. Kwa maongezi na imeili za kawaida "a" inatosha na inasikika vizuri, mkataba na jedwali la bei tumia "per". Ila ukishaweka "per" usirundike kitu kingine, sio "per an hour", sio "per hours", na sio "per each hour" ambayo naona inatoka moja kwa moja kwenye "kwa kila" yetu, "per" peke yake imeshabeba yote mawili. Wingi unakuja pale tu kipimo chenyewe kina namba zaidi ya moja, kama "per 100 grams". Na kama jambo linatokea kila baada ya wiki mbili, hapo "a" haifanyi kazi, sema "once every two weeks".

Halafu wale mnaolipwa kwa muda, "I charge by the hour" inasema tu unahesabu kwa saa, haisemi ni kiasi gani. Nawaona watu wanaiandika wakidhani wameshataja bei. Weka na kiasi.

Kitu kingine ninachokisimamia sana ni kutaja pande zote mbili, kiasi gani cha nini, kwa kipimo gani. "80 dollars per night" ya chumba cha watu wawili ni ya chumba au ya kila mtu? Andika "per room per night" au "per person per night", hakuna atakayekucheka kwa kurudia "per". Mwaka 1983 kule Kanada ndege ya Air Canada, Boeing 767, iliishiwa mafuta ikiwa angani kwa sababu waliopiga hesabu ya mafuta walitumia 1.77, ambayo ni uzito wa lita moja kwa ratili, wakati ndege ile mpya ilihesabu kwa kilo na namba sahihi ilikuwa kama 0.8. Ikaondoka na mafuta chini ya nusu ya yaliyohitajika. Rubani aliishusha bila injini kwenye uwanja wa zamani wa jeshi huko Gimli na hakuna aliyekufa. Namba ya 1.77 yenyewe ilikuwa sahihi kabisa, kosa lilikuwa ni ya nini kwa lita. Mimi hicho kisa nawasimulia wote ninaowaandikia, hasa wanaoniambia hayo mambo madogo bwana acha tu.

Zile za Kilatini kama "per annum" na "per capita" utakutana nazo kwenye mikataba na ripoti, ni kwa mwaka na kwa kila mtu, basi. "Per diem" ni kwa siku, lakini maofisini ni jina la posho yenyewe. "As per" haihusiani na bei, maana yake ni "kulingana na", usiichanganye humu.

Na kama mnaongea kwenye simu na bei imetajwa juu juu, uliza hapo hapo kabla hamjaenda mbele, "Is that each, or for all of them?" Wenye lugha yao wenyewe wanauliza hivyo. Akishajibu, mwombe akutumie kwa maandishi na hilo neno "each" au "total" lionekane.