Barua kwa Mwanangu: Gari Halinunuliwi kwa Kusimama

Tanga

Mwanangu Zaina, mama,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, mara ya pili kwa miwani ya mama yako kwa kuwa yangu imejificha. Nakujibu kwa kalamu, na barua atakuletea binamu yako anayeruka Jumamosi, maana simu yangu mama yako anaisoma kuliko mimi na ile bei bado hajaiona.

Unasema umepata Chevelle ya 1970, gari la Chevrolet, tena SS, lile toleo la nguvu, nyekundu yenye mistari myeusi kwenye boneti, iko kwa mtu huko Indiana. Imefunguliwa yote ikarudishwa upya, na mwenyewe anataka dola 58,000. Unauliza: "Baba, bei hiyo ni halali?"

Bei za huko niliziacha nilipoondoka Michigan mwaka 1991. Ukitaka bei tafuta magari yaliyouzwa kweli, siyo yanayotangazwa. Mimi nakuuliza kitu kingine: umelala chini yake? Picha zote kumi na moja ulizonitumia zimepigwa na mtu aliyesimama. Na babu yako, Mungu amrehemu, aliyetengeneza malori ya mkonge toka Muheza mpaka Korogwe, alikuwa na neno moja ambalo umelisikia hadi umelichoka. Gari halinunuliwi kwa kusimama.

Neno hilo nalijua tangu nina miaka saba, nikimshikia spana. Ndiyo maana hili ninalokuandikia linaniuma mpaka leo.

Najua hamu ya Chevelle umeitoa wapi. Umeitoa sebuleni kwetu. Umekua chini ya picha ile: mama yako kakaa kwenye boneti na khanga yake, mimi nimeegemea mlango kama niliyenunua kiwanda kizima. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unawatambia wenzio barazani, "Gari la baba lilikuwa SS." Mimi ndani nasikia, nanyamaza. Shangazi yako alikuwa ananitazama kwa pembe ya jicho, naye ananyamaza.

Zaina, halikuwa SS.

Ilikuwa 1987. Nilikuwa na mwaka wa nne Michigan, mchana shule, usiku kazi. Nje kidogo ya Detroit palikuwa na gereji, jina lake halina faida. Ndani kulikuwa na Chevelle ya 1967, ya bluu, imepigwa rangi ungeweza kunyolea ndevu kwenye mlango wake. Mwenyewe akaniambia, SS 396, yaani SS yenye injini ya inchi za ujazo 396. Hakusema zaidi. Aliingia akaliwasha. Mama, silinda nane kubwa vile haziungurumi mfululizo. Zinakohoa, zinatulia, zinakohoa tena, na kikombe cha chai kilichokuwa juu ya meza yake ya kazi kikaanza kutembea chenyewe kuelekea ukingoni. Nilikitazama kile kikombe, gari sikulitazama tena. Nililipa dola 6,200 nimesimama. Hata kuchuchumaa kufunga kamba ya kiatu sikuchuchumaa.

Baada ya wiki tatu akaja jirani yetu, mzee mstaafu wa viwanda vya magari, mtu wa maneno machache. Alizunguka gari mara moja. Akafungua mlango wa dereva, akainama kwenye nguzo ya bawaba, akafuta kibati cha namba ya gari kwa kidole gumba, akasoma: 13617. Akaniuliza, nani kakwambia hii ni SS? Kwa magari ya mwaka ule, SS 396 inaanza na 138. Hiyo 136 ni Malibu, Chevelle ya kawaida, gari la mwalimu kwendea shule. Beji za SS zinanunuliwa dukani. Injini ilikuwa 396 kweli, lakini tulipoichunguza tukakuta imetolewa kwenye Caprice, gari kubwa la familia.

Mlango ule nilikuwa nimeufungua pengine mara mia.

Kisha akaomba sumaku. Mama yako akabandua moja kwenye friji. Ikishikishwa mlangoni, inanata. Ikishikishwa kwenye bodi nyuma ya gurudumu la nyuma, inadondoka. Anaiokota, anaisogeza shubiri moja, inadondoka. Pale bati lilikuwa limekwisha, limejazwa fila, ule udongo wa kuzibia bodi, ukapigwa msasa na rangi juu. Majira ya baridi barabara za kule humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, na chini ya jiji la Detroit lenyewe kuna mgodi wa chumvi. Mji unaounda magari umekalia kinachoyala! Nami ni mtoto wa Tanga, nimekulia chini ya mabati yanayoliwa na upepo wa bahari, kutu naijua kwa harufu. Ningelala chini dakika mbili tu ningeiona.

Hela ile nayo sijawahi kukwambia ilikuwa ya nini. Ilikuwa ya mabati. Bibi yako, huyo ambaye nimekupa jina lake, alikuwa ameniandikia kwa mkono wa mjomba wako kwamba paa linavuja upande wa chumba chake. Nikamjibu asubiri kidogo. Alisubiri masika mbili. Tulipoezeka hatimaye hakuuliza kwa nini tulichelewa, akasema tu bati jipya linapiga kelele mvua ikinyesha.

Basi tuliache hilo.

Miaka yote hii nabishana na nafsi yangu kama yule bwana alinitapeli. Siku nyingine nasema alinitapeli, mwisho wa habari. Siku nyingine nasema hapana, angalia historia ya hayo magari yanayoitwa ya misuli. Wengi huanza kuyahesabu na GTO ya mwaka 1964. Na GTO ilikuwa nini? Kampuni ya Pontiac walichukua injini ya inchi za ujazo 389 ya magari yao makubwa wakaitumbukiza kwenye Tempest LeMans, gari la wastani, wakalipa jina. Yule bwana naye alichukua injini ya gari kubwa akaitumbukiza kwenye Malibu. Kosa lake nini? Na hiyo unayoitaka wewe, kama ni SS 396 na siyo ile ya 454, injini yake wala siyo 396. Mwaka ule waliyapanua matundu ya silinda ikafika 402, beji wakaiacha vilevile. Sasa halisi ni ipi?

Mama yako tangu 1987 jibu lake ni moja, na hulitoa bila kuacha kuchambua mchele: Pontiac waliwaambia watu walichokifanya. Nami kila mara natafuta la kumjibu.

Lakini nikisema najuta, nitakuwa naongopa. Kulikuwa na Jumamosi moja ya Agosti, joto limekazana, siti zile za plastiki zinaunguza mapaja mpaka mama yako akatandika khanga mbili. Tukashika Woodward, ile barabara inayotoka mjini Detroit hadi mji wa Pontiac, ambako vijana wa miaka ya sitini walikuwa wakishindana taa hadi taa. Taa ikawa nyekundu. Kando yetu kijana ndani ya Mustang akatutazama, akakanyaga mafuta akiwa palepale. Sikutaka kumjibu, wallahi. Mama yako ndiye aliyesema, "Mjibu." Nilimjibu. Breki zilikuwa za dramu, na kusimama kwenye taa iliyofuata kulihitaji dua. Alipopata pumzi akasema gari hili linanguruma kama korona, korona ya mkonge, mashine ile ya kusaga majani kiwandani, siyo ugonjwa. Akacheka mpaka machozi. Katika ndoa yetu yote sijamsikia akicheka vile zaidi ya mara tatu, na mara mbili nyingine ni za kwako.

Picha ya sebuleni ilipigwa jioni ile. Niliegemea upande wa dereva kwa sababu upande wa pili fila ilikuwa imeanza kupasuka.

Mwaka 1990 nililiuza dola 2,700. Alikuja kijana na mpenzi wake. Nilimfungulia mlango nikamwonyesha kibati, nikampa sumaku mkononi, nikamwambia, lala chini. Akalala. Akatoka na vumbi la kutu kwenye nywele, akasema, "Naomba uliwashe." Nikaliwasha. Akatoa hela. Sijui mpaka leo kama nimwite mjinga au nimwite mwenzangu.

Kwa hiyo, mama, yako ni ngumu kuliko yangu. Mimi namba zingeniokoa. Ya 1970 kibati kiko juu ya dashibodi, unakisoma kupitia kioo cha mbele, lakini hakitakwambia kitu, kwa sababu kufikia mwaka huo SS ilikuwa nyongeza ya kuagiza tu, na Malibu za silinda nane na SS, zote za milango miwili na paa gumu, zinaanza na 13637. Mwombe karatasi ya kiwandani inayoorodhesha gari lilivyoagizwa. Aghalabu zilisahaulika juu ya tangi la mafuta au kwenye springi za siti, na aliyelifungua gari lote lazima aliiona kama ilikuwepo. Akisema panya wameila, panya hao nawafahamu. Angalia muhuri wa namba mbele ya bloku ya injini, upande wa abiria, chini ya silinda hedi; hapo panapaswa kuwa na mwisho wa namba ya gari lenyewe. Pakiwa laini kabisa, huenda bloku ilichongwa usawa ikafutika, si lazima wizi. Pakiwa na namba safi mno kwa injini ya zaidi ya miaka hamsini, hapo ndipo nisingelala usingizi. Hesabu bolti za mfuniko wa difu: SS inatakiwa ziwe kumi na mbili, Malibu ya kawaida ni kumi. Bolti kumi na mbili nazo zinanunuliwa, najua, najua. Gari halinunuliwi kwa kusimama, lakini hata aliyelala anaweza kudanganywa.

Hapa niliandika neno moja la kukujibu, ndiyo au hapana, nikalikata. Ukiinua karatasi kwenye taa utalisoma. Usiinue. Hela ni zako, umezitafuta kwa zamu za usiku hospitalini, na bibi yako paa lake halivuji tena.

Ukienda Indiana vaa suruali ya kazi, uchukue na kipande cha boksi cha kulalia. Sumaku ifunge kwenye kitambaa laini isije ikakwaruza rangi ya watu. Nipigie ukiwa chini ya gari, siyo kabla. Na mwambie mwenyewe asiliwashe mpaka utoke.

Baba yako