Acheni magoti ya watu: kwa mnaoanza kuongoza masomo ya nyonga

Wadogo zangu, Jumamosi nilikaa benchi la nyuma pale ukumbini Mwanga, hapa Kigoma, nikawaangalia mkiongoza kwa zamu masomo ya Feldenkrais, yale ya kusogeza mwili kidogokidogo na polepole ili mtu ausikie. Nilijizuia nisiseme kitu mbele ya watu. Nawaheshimu, halafu mimi mwenyewe nilipoanza nilikuwa mbaya kuliko nyinyi. Ila kimya kimenishinda. Namba nimeweka ili mkianza kubishana mjue mnabishania lipi, msitegemee mpangilio zaidi ya huo.

1. Acheni sauti ya kocha. Hatupo kwenye jogging. Mtu amelala chali, magoti juu, nyayo chini, mnamfokea "jitahidi, bado kidogo!" Anakaza taya, anabana pumzi, tumbo linakuwa gumu, na kuanzia hapo hasikii tena nyonga inafanya nini. Ernst Weber, Mjerumani wa karne ya 19, alilipima jambo hili kwa kuwapa watu uzito washike: kadiri ulichobeba kinavyokuwa kizito, ndivyo nyongeza inavyotakiwa iwe kubwa ndipo uitambue. Mama aliyejitwika beseni la dagaa hajui ukimwongezea dagaa mmoja. Mweke dagaa huyo kwenye kiganja kitupu, atamsikia mpaka mkia. Ndiyo maana tunawaambia wapunguze nguvu, wapunguze mwendo, wapunguze umbali. Hatuwadekezi. Tunataka wasikie.

Na mkishasema "polepole", nanyi semeni polepole. Kuna mmoja wenu anasema "taratibu taratibu taratibu" kama kondakta anayejaza daladala.

2. Saa ya fupanyonga, lile zoezi la kulala chali, kuwazia saa imelala juu ya fupanyonga, na kupeleka uzito kwenye namba zake. Karatasi mnazopakua zinahesabu saa ya Kizungu, na mnazigeuza Kiswahili usiku wa kuamkia somo. Matokeo yake mmoja kasimama Jumamosi katangaza, "Sasa tupeleke uzito saa kumi na mbili." Nusu ya ukumbi ikaelekea kitovuni, nusu ikaelekea mkiani, na mama mmoja akauliza ni ya asubuhi au ya jioni. Hapa kwetu mshale ukiwa juu ni saa sita. Kama mnaogopa kuchanganya, achaneni na namba kabisa, semeni kitovuni na kwenye kifandugu. Ukielekea kitovuni mgongo wa chini unalala kwenye mkeka, ukielekea kwenye kifandugu unainuka na kuacha uwazi. Hakikisheni hilo kwenye migongo yenu kabla hamjafungua mdomo.

3. Waonyesheni kiungo kilipo. Mwambie mtu aguse nyonga, atajipiga pembeni, pale anapofungia kanga au mkanda. Akijitahidi sana atashuka mpaka kwenye lile fupa gumu la ubavuni, ambalo ni nundu ya nje ya fupa la paja. Kiungo chenyewe kimejificha ndani zaidi, nyuma ya ule mkunjo wa kinena, karibu na katikati yake. Mwache aweke vidole vyake mwenyewe hapo, ainue goti kidogo, asikie mkunjo unavyofunga. Watu wanacheka wakigundua. Mzee wa miaka sabini anakwambia, "Kumbe mguu unaanzia huku!"

Hili dogo lina faida kuliko mizunguko yote mnayoipenda. Anayeamini mguu unaanzia kiunoni atakunja kiuno kila akiinama, na mgongo ndio utakaolipa. Nendeni Kibirizi asubuhi, dagaa wakishaanikwa, mwangalie akina mama wanaowageuza. Wale wasichana wanapinda mgongo kama ndoana, kila baada ya muda wanasimama na mikono kiunoni. Mtafuteni mama mtu mzima katikati yao: makalio yanarudi nyuma, magoti yanalegea, kifua kinashuka na mgongo ukiwa umenyooka vilevile, mkono unatembea juu ya samaki, na huku anagombana na mteja bila kuinua kichwa. Hakuna aliyemfundisha saa ya fupanyonga. Kaeni hapo nusu saa, nunueni dagaa, rudini.

4. Mkono wako ukae kwako. Hapa mnivumilie, maana ndilo lililoniudhi Jumamosi.

Mwaka wangu wa kwanza alikuja mzee mmoja wa Katonga, mvuvi mstaafu, mtu wa swala tano. Shida yake aliieleza kwa ufupi: kukaa chini msikitini kumekuwa kazi, anaswalia kiti, na kiti hakipendi. Nikamwuliza kama anaumwa. Akajibu, "Alhamdulillahi." Nikaandika kwenye daftari: hana maumivu. Mnacheka, lakini nimezisoma daftari zenu.

Somo lilikuwa lile la nyayo kupanuliwa na magoti kuangushwa upande huu na upande huu, mnalijua. Ukumbi umejaa, na nilikuwa nimeshafanya upumbavu wa kusema kwa sauti, "Mwoneni mama yule, goti lake limefika chini kabisa!" Baada ya hapo kila mtu akawa anawania sakafu. Magoti yakashuka kushoto. La kulia la mzee likaenda nusu ya njia, likasimama hewani, linatetemeka.

Nataka mjue nilichosikia wakati ule, kwa sababu najua nanyi mnakisikia. Sikumwonea huruma. Niliona aibu. Niliona kama lile goti linawatangazia watu kwamba mwalimu hajui kazi. Nikapiga magoti kando yake, nikaweka kiganja, nikasema, "Babu, nikusaidie kidogo." Sikusukuma kwa nguvu. Nyinyi nyote huniambia hivyohivyo, "Kaka, sikusukuma kwa nguvu." Ulikuwa uzito wa mkono tu. Msuli ukikataa una namna yake: unapinga, unalegea, unarudi, unajadiliana na wewe. Hiki nilichokigusa hakikujadiliana. Kilikuwa kigumu ghafla, mwisho wa safari. Nilikisikia wazi kabisa chini ya kiganja, na nikaendelea. Mzee alikuwa anaangalia dari, midomo inacheza bila sauti. Nikamwuliza, "Inauma, babu?" Akasema, "Endelea tu, mwanangu."

Nikaichukua kama ruhusa. Mtu mzima wa heshima zake, yuko chini, watu wamemzunguka, kijana kamwinamia. Angejibu nini kingine?

Kesho yake hakuweza kushuka kitandani. Habari nililetewa na mjukuu wake. Nikapanda bodaboda mpaka Katonga, njia nzima nikitunga maneno. Nikamkuta amelala ubavu, mto katikati ya magoti, na akanipokea vizuri mno: habari za nyumbani, habari za kazi, akaamuru niletewe ugali wa muhogo na mgebuka. Bibi ndiye aliyenisema. Alisimama mlangoni na mwiko mkononi. "Wewe ndiye mwalimu? Mume wangu alikuja kwako kwa miguu yake." Nilitoa shikamoo, hakuitikia. Ugali niliula, kwa sababu kuukataa kungekuwa kosa la pili, na sijawahi kutafuna mgebuka kwa shida kama siku ile.

Baadaye alipigwa picha hospitali. Nyonga ya kulia ilikuwa imesagika: ile nafasi kati ya kichwa cha fupa la paja na kikombe chake ilikuwa imekaribia kwisha, na kandokando mfupa umeota vinundu. Nyonga ya namna hiyo mara nyingi hupoteza kwanza mzunguko wa kwenda ndani, ambao ndio hasa nilikuwa nauomba, goti la kulia kwenda kushoto. Pale palikuwa na mfupa unakutana na mfupa. Hakuna kiganja kinachoondoa hilo, wala pumzi ndefu, wala muziki wa filimbi mnaoupiga.

Nilichotakiwa kufanya ni kitu cha sekunde chache: kuviringisha kitenge, kukiweka pale goti lilipofikia lenyewe ili lipate pa kupumzikia, na kumwambia safari yake inaishia hapo, achukue robo yake tu. Halafu kazi ihamie kwenye nyonga ya kushoto, mbavu, shingo. Ndivyo tulivyofanya aliporudi, maana alirudi, kwa sharti la bibi kwamba naye aje. Bibi alikuwa akikaa kwenye kiti ukutani, mkoba mapajani, akiangalia mikono yangu tangu mwanzo mpaka mwisho. Mzee anaswalia kiti mpaka leo. Anasema kushuka bodaboda kumekuwa rahisi. Hayo ndiyo matokeo, sina mengine.

Sasa Jumamosi nimeona kiganja cha mmoja wenu juu ya goti la mama wa watu. Hakuulizwa. Tuache nyonga pembeni: Ujiji hii, kijana wa kiume, paja la mama wa watu mbele ya majirani zake? Siku mumewe akija na mwiko mimi sitakuwepo.

5. Ulizeni kabla, na ulizeni vizuri. "Unaumwa?" halina maana, mmeshaona. Ulizeni kitu gani alikuwa anafanya mwaka jana ambacho mwaka huu anakikwepa. Ulizeni kuanguka, kuvunjika, upasuaji, ujauzito. Aliyewekewa nyonga ya bandia ana makatazo ya daktari wake, kwa mfano kutokunja nyonga kupita pembe mraba au kutopishanisha miguu. Yafuateni hayo, msifuate karatasi. Anayesikia ganzi sehemu anazokalia, au mkojo umebadilika, au ana homa na maumivu ya usiku na amekonda, huyo hana somo leo, ana hospitali.

Na ulizeni selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Vijana hawasemi. Nchi yetu ni miongoni mwa zenye watoto wengi wanaozaliwa nayo duniani, na kichwa cha fupa la paja ni mahali ambapo damu ikizibwa njia mfupa unakufa. Kijana wa miaka ishirini anachechemea na kinena kinamuuma, mnamwambia "nyonga zimekaza kwa kukaa sana"? Mpelekeni akapigwe picha.

6. Msionyeshe kwa vitendo. Mkilala chini mkaonyesha, watu wanaacha miili yao wanaiga wa kwenu.

7. Pumziko liwe kabla ya kuchoka, miguu inyooshwe kabisa, na nyinyi mnyamaze. Kunyamaza kwenu ndiko kugumu, najua.

8. Kundi la wavuvi ratiba yake haiko kwenye kalenda ya ukutani. Dagaa wanavuliwa kwa taa, gizani. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazina kazi, wanaume wako nyumbani, na ndipo mtawapata. Mkipanga somo lao wakati wa giza atakuja mmoja, naye atakoroma kabla ya upande wa pili. Akikoroma mwacheni, ametoka ziwani.

9. Msimtangaze Feldenkrais kama mganga. Kuna bango mmeandika eti mbinu ya kale ya Mashariki. Moshe Feldenkrais alizaliwa 1904 Slavuta, Ukraine ya leo, akafa Tel Aviv 1984. Alikuwa mhandisi na mwanafizikia aliyefanya kazi Paris kwenye maabara ya mwanasayansi Joliot-Curie, na mtu wa judo aliyekutana na Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, hukohuko Paris mwaka 1933. Goti aliliumiza kwenye mpira, kama nusu ya vijana wa Mwanga na Gungu, likaja kumsumbua miaka mingi, naye akaanza kulichunguza kwa harakati ndogondogo. Uhandisi wake unaonekana kwenye masomo: kinabadilishwa kitu kimoja, vingine vinaachwa vilevile, ndipo mnalinganisha upande uliofanya kazi na ambao haujafanya. Nyinyi mnabadilisha vitu vitatu kwa pamoja, halafu mnawauliza watu wamesikia tofauti gani.

Tafiti zilizopo ni chache na nyingi ni ndogo. Zinatia moyo zaidi kwenye usawa wa wazee wasianguke. Kwa hiyo yale maneno ya "tunatibu nyonga" yafutwe kwenye bango kabla sijaja na rangi mwenyewe.

10. Kuinuka. Somo zuri mnaliharibu dakika ya mwisho. "Haya, simameni!" na watu wanakurupuka kama wamesikia mwizi. Wageuke ubavu kwanza, mkono usukume sakafu, wakae, wakae tena, ndipo wasimame. Mkishawasimamisha msiwaulize kitu. Waambieni watembee mpaka mlangoni na kurudi. Mtu akianza kucheka mwenyewe au akiangalia miguu yake, hiyo inawatosha, msimdai maelezo. Kuna bibi mmoja wa Gungu huwa anatembea hivyo mpaka nje na kuondoka zake bila kuaga, na kandambili anasahau. Ziko kwenye kabati, jozi mbili sasa, nani anaelekea Gungu wiki hii ampelekee.