Daftari langu lilijaa tiki, na nyingi zilikuwa za uongo

Mkuu mleta mada, umeuliza mambo mawili. Uliandika malengo 12 mwanzoni mwa mwaka, umetimiza mawili, hujui uyahamishie mwakani au uyafute uanze upya. Halafu ukauliza mambo ya kiroho yanatathminiwaje, wakati hayapimiki kama kilo za mwili au fedha za akiba. Wengi wamekujibu la kwanza. Mimi nitaanza na la pili, maana ndilo lililoniumbua.

Mwaka jana nilikuwa mtu wa daftari. Nililichora kwa rula, tarehe zikishuka chini, malengo yakienda kulia. Sala ya asubuhi dakika 20 kabla ya kugusa simu. Sura za Biblia. Mazoezi. Akiba. Kupunguza hasira. Kupatana na kaka yangu. Yalikuwa tisa kwa jumla, mengine siyakumbuki tena, na hilo lenyewe ni jibu. Kila jioni napiga tiki. Mwisho wa mwezi tunakutana watu watatu tunaosali pamoja, kila mmoja anasoma hesabu zake, tunapongezana, tunaombeana, tunatawanyika.

Disemba nikakaa kujumlisha. Sala ya asubuhi: siku 291 kati ya 365. Nikafurahi kweli kweli. Kisha nikarudi ukurasa wa Agosti, nikakuta wiki moja ambayo tiki zake saba zimefanana kama mapacha: wino ule ule, mlalo ule ule, kama vile mkono haukuinuka. Nikaangalia tarehe. Wiki ile mama alikuwa amelazwa na mimi ndiye niliyekuwa namuuguza, nalala kwenye benchi la korido. Daftari lilibaki nyumbani. Nilirudi Jumapili usiku, nikakuta safu tupu, nikazijaza zote kabla hata sijavua viatu.

Sikuwa nimesali asubuhi hata moja. Asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya dawa. Nilikuwa nasali usiku, na wala si dakika 20. Ni maneno mawili, "Baba, asife", narudia hadi usingizi unichukue. Hiyo haikuwa na safu. Kwa hiyo sala nisiyoisali ipo daftarini, na niliyoisali haipo popote. (Mama alipona, msihofu.) Baada ya hapo nikaanza kukagua kama mhasibu aliyeshtuka, nikaipata wiki nyingine ya namna hiyo, na nyingine. Ile 291 sijui ya kweli ilikuwa ngapi.

Nilikuwa namdanganya nani? Mungu hahitaji daftari langu ili anijue. Wale wenzangu wawili, ndiyo, niliwadanganya, na nilikuja kuwaambia. Lakini hasa nilikuwa nakwepa kisanduku kitupu. Kisanduku kitupu kinaudhi, na mkono unataka kukijaza kabla akili haijauliza swali.

Usomaji wa Biblia ulikufa kwa njia nyingine. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189. Gawanya kwa siku 365, unapata sura tatu na robo hivi kwa siku. Mwanzo na Kutoka ni hadithi, unateleza tu. Mwanzoni mwa Februari nikafika Mambo ya Walawi sura ya 13, ile ndefu ya ukoma wa ngozi na wa nguo, nikakwama. Nikaruka siku mbili, nikajiambia nitalipa Jumamosi. Jumamosi nikasoma nusu ya sura ile ile, nikaifunga. Machi 10 nilitakiwa niwe sura ya 225, kwa Samsoni na simba wake, na bado nilikuwa ya 103, ile ile Walawi 13 na kuhani wake anayekagua ukoma. Deni la sura 122! Kulilipa kwa mwezi mmoja ningehitaji sura saba kwa siku. Mtu mwenye deni la hivyo anafanyaje? Anabadilisha njia asipite mbele ya duka. Nikaacha kabisa kuigusa Biblia, kwa sababu kila nikiifungua naona kwanza nilichobakiza.

Baadaye nilisoma kuhusu utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa 2010. Walifuatilia watu 96 kwa wiki 12 waone jambo jipya linachukua muda gani kuwa mazoea. Wastani ulikuwa siku 66, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno: kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Wao walipima mambo ya kula, kunywa na mazoezi, si sala, kwa hiyo sitalivuta jambo lisikofika. Kilichonigusa ni kwamba kukosa mara moja hakukuvuruga mazoea kwa kiasi cha maana. Kilichonivuruga mimi ni kulihesabu pengo kuwa deni.

Sasa, mwaka huu nimefanyaje.

Kwanza nikajifunza kwamba watu waliochukulia jambo hili kwa uzito zamani hawakuwa wakipiga tiki. Ignatius wa Loyola, yule padre Mhispania wa karne ya 16 aliyeanzisha shirika la Wajesuiti, aliwafundisha watu kuchagua kosa moja tu. Unachora mistari ya siku za wiki, na kila ukianguka katika kosa lile unaweka nukta. Kisha unalinganisha sehemu ya kwanza ya siku na ya pili, siku na siku, wiki na wiki. Benjamin Franklin wa Marekani, ambaye hakuwa mtu wa kanisani sana, alifanya jambo la karibu na hilo: fadhila 13, kila wiki anaikazia moja, na nukta nyeusi mahali alipokosea. Kwa mwaka alikuwa anaweza kuzizungukia mara nne. Anasimulia mwenyewe kwamba alishangaa kujikuta ana makosa mengi kuliko alivyodhani, na kwamba karatasi zilitoboka kwa kukwangua nukta za zamani ili kupata nafasi ya mpya. Nilipenda hapo pa karatasi kutoboka. Daftari langu la mwaka jana lilikuwa safi kabisa.

Nikachagua kosa moja: maneno makali nyumbani. Sikuandika "kupunguza hasira", maana hasira siioni ikija. Maneno yakitoka nayasikia, na walio karibu wanayasikia. Nukta moja kwa kila mara. Wiki ya kwanza ya Januari nilipata 19, na hapo nilikuwa najua najichunga.

Ignatius ana kitu kingine kidogo: ukianguka, weka mkono kifuani palepale ujutie, jambo unaloweza kulifanya hata mbele za watu wasitambue. Nilikijaribu. Mke wangu akatambua siku ya tatu. "Baba watoto, una kiungulia?" Nikamweleza. Tangu siku hiyo nikisahau kuweka mkono, yeye anaweka wake kifuani kwake, ananitazama tu. Siwezi kusema nafurahia, lakini nukta zimekuwa za kweli kwa sababu kuna shahidi.

Na nukta zinafundisha. Machi nilipozipanga kwa siku, nilidhani Jumatatu ndiyo itaongoza, kazi ikiwa nyingi. Iliongoza Jumapili. Jumapili asubuhi, kati ya kuamka na kutoka kwenda ibadani! Kiatu kimoja hakionekani, shati halijapigwa pasi, mtoto yuko bafuni, na mimi mlangoni napaza sauti ili tukamsifu Mungu kwa wakati. Nilicheka peke yangu, kisha nikaona haya. Dawa yake haikuwa ya kiroho hata kidogo. Nguo zinapigwa pasi Jumamosi jioni, viatu vinapangwa mlangoni. Nukta za Jumapili zilishuka kuliko siku nyingine yoyote. Nani angetegemea kwamba mfungo wangu wa kila mwezi ulikuwa unafanya kazi kidogo kuliko pasi?

Nilipomsimulia mwenzangu kazini, ambaye ni Mwislamu, akasema kwao hilo lina jina, muhasaba, kujihesabu nafsi, na kwamba Imam Ghazali ameifananisha nafsi na mshirika wa biashara uliyemkabidhi mtaji: asubuhi mnawekeana sharti, mchana unamwangalia, jioni mnafanya hesabu. Akaongeza kuwa mimi mwaka jana nilimwachia mshirika aandike hesabu mwenyewe. Sikuwa na jibu.

Biblia nayo nasoma sura moja kwa siku, bila tarehe, alama ni karatasi tu. Siku niliyoikosa imeenda. Kwa mwendo huu, hata nisipokosa, Biblia nzima ni miaka mitatu na robo, na sina haraka. Nilirudi pale pale nilipokwama, Walawi 13, nikaisoma taratibu. Mwaka jana sikuwa nimegundua kwamba katika sura ile kuhani haponyi mtu. Anaangalia. Akiwa na shaka anamtenga mtu siku saba, kisha anaangalia tena, na ikibidi siku saba nyingine. Penye shaka hatoi hukumu kwa kutazama mara moja. Tangu hapo sijumlishi nukta kila usiku. Nazijumlisha Jumamosi, nikishamaliza pasi.

Hesabu ya mwaka huu, basi: miezi ya karibuni nukta ni sita au saba kwa wiki. Kuna wiki ya Septemba ilirudi 15, nilikuwa sijalala vizuri kwa siku kadhaa. Sifuri sijaiona hata wiki moja. Akiba nilifikia nusu. Mazoezi niliacha Mei na sijutii sana.

Sasa kwenye swali lako la kwanza. Hayo kumi yaliyobaki usiyahamishe yote, na usiyafute yote kwa hasira. Yasome moja moja ujiulize: hili nililiandika kwa sababu nalitaka, au kwa sababu orodha ya mtu mzuri haikosi kuwa nalo? Kwangu mfungo wa kila mwezi ulikuwa wa namna ya pili, nimeufuta, nitafunga nikiwa na jambo la kufungia. Kama lengo huwezi kuona siku gani limekushinda, kama lile lako la "kumkaribia Mungu zaidi", liache liwe sala, lisiwe safu ya daftari. Chini yake tafuta kitu kimoja ambacho hata mtoto wako angeweza kukushuhudia. Moja linatosha. Nilianza na tisa, najua ninachosema.

Kuna mmoja ameandika hapo juu kwamba kuhesabu makosa kunaleta kukata tamaa. Kunaweza. Kama wewe ni mtu wa kujilaumu tangu asubuhi, njia hii si yako, na usiifuate kwa sababu mimi nimeipenda. Mimi tatizo langu lilikuwa kujipongeza.

Limebaki la kaka yangu. Tuligombana miaka minne iliyopita kwa jambo la kifamilia ambalo nusu ya kosa ni langu. Mwaka jana niliandika kwamba langu ni robo. Kwenye daftari la mwaka jana lengo hilo lina tiki moja, ya Aprili, nilipomtumia salamu za sikukuu zilizokwenda kwa watu wote kwenye simu yangu. Mwaka huu nilimpigia Novemba, kwa sauti, nikamwambia naomba tuonane. Akanyamaza kidogo, akasema, "Niko kazini, mdogo wangu, nitakupigia." Hajapiga. Ila aliniita mdogo wangu, na hakuwa ameniita hivyo tangu siku ile. Hilo ndilo lengo pekee nililolihamishia kwenye daftari la mwakani, neno kwa neno, na pembeni nimeandika tarehe ya kumpigia tena.